Ponsian na Hesabu ya Geti la Katumba

Ndugu waombolezaji, wazee wetu mliotoka Usevya na Kasansa mkalala njiani, majirani wa Mpanda mjini, na nyie wenyeji wetu wa hapa Katumba mliotupokea, mimi ni Verdiana, mdogo wake marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu Ponsian Erasmus, na nawaomba mnisikilize kwa utulivu, na pale mtakapotaka kucheka msijizuie, maana yeye mwenyewe angekuwa hai leo angekuwa amesimama pale nyuma anatuhesabu.

Ponsian alizaliwa Usevya siku ya Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu mzee Erasmus na mama yetu Tereza, huyu hapa mbele yenu, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo, na tangu anajua kutembea alikuwa mtu wa kuhesabu, alihesabu magunia ya mpunga, alihesabu vifaranga, alituhesabu sisi wadogo zake kabla ya kula na baada ya kula, mpaka mama akawa anamwambia mtoto nyamaza, hujapewa usimamizi wa nyumba hii. Alipokuwa na miaka tisa alipeleka malishoni mbuzi ishirini na watatu, jioni akarudi nao ishirini na wanne, kitoto kimoja kibichi kakipakata kifuani, na jambo la kwanza alilomwambia baba si kwamba mbuzi kazaa, alimwambia baba hesabu imezidi moja na naomba iandikwe.

Elimu ya msingi aliianza Usevya mwaka 1966 na kuimaliza mwaka 1972, hakubahatika kuendelea na sekondari ingawa hesabu alikuwa wa kwanza kila muhula, akabaki nyumbani akilima mpunga na baba, mwaka 1978 akapita mafunzo ya mgambo, na vita vya Kagera vilipoanza naye alikwenda, akarejea Julai 1979 akiwa mzima wa viungo vyote, namshukuru Mungu. Ya vitani hakutusimulia mengi, alisema tu kwamba walikwenda kumi na wawili kutoka tarafa yetu wakarudi kumi na mmoja, na huyo mmoja asiyerudi alimtaja kwa jina kila mwaka, tukiwa mezani, bila kukosa.

Kuanzia mwaka 1980 alikuwa mlinzi wa ghala la mazao Mpanda mjini, kazi aliyoifanya miaka kumi na mitatu bila kupotea hata gunia, hadi Oktoba 1993 yalipotokea yale mauaji ya Burundi, watu wakamiminika kuvuka mpaka kwa miguu na kwa mitumbwi ya ziwani hadi Karema, na mji wetu wa Mpanda, uliozoea kulala milango wazi, ukaanza kumtazama kila mgeni mara mbili. Ndipo likawekwa lile geti kwenye barabara ya Katumba, mti mmoja mrefu wenye jiwe upande mmoja, na tarehe 22 Novemba 1993 Ponsian akakabidhiwa geti hilo pamoja na mwenzake Nkwabi, Msukuma yule mrefu mnayemwona pale, asiyependa kulia mbele za watu. Wenyeji wa makazi haya ya Katumba, wakimbizi wa Burundi, ambao wengine wameishi hapa tangu 1972, hawakuruhusiwa tena kutoka bila kibali chenye jina, sababu ya safari, siku ya kutoka na siku ya kurudi, na mjini tuliipata joto ya jiwe, maana maharage na unga wa muhogo vyote vilikuwa vinatoka huku, mama lishe pale sokoni wakawa wanauza wali mkavu na matusi ya wateja juu yake.

Wengine mlimwogopa, na haki yenu, kaka yangu alikuwa hana mchezo, usipokuwa na kibali hukupita hata umlilie, lakini pia hakupokea wala kuku wala shilingi ya mtu, na kila aliyepita alimwandika katika kaunta buku, upande wa kushoto waliotoka, upande wa kulia waliorudi, na mtu akichelewa kurudi siku moja tu Ponsian alipanda baiskeli kumtafuta mjini, si kumkamata, bali kumuuliza kama anaumwa. Ni Nkwabi aliyegundua kwanza kwamba katika daftari lile majina yote yaliandikwa kwa mwandiko wa kawaida isipokuwa jina moja, la binti aliyekuwa anapita na maharage ya njano kila Jumanne na Ijumaa, hilo liliandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari kwa rula.

Binti huyo ni Donatille, wifi yetu, mjane wa marehemu, na kwa habari ya posa sina budi kusema ukweli, mzee Dieudonne baba yake alikataa kabisa, alisema hawezi kumpa binti yake mwanamume anayempekua yeye mkwe mifukoni, na Ponsian akarudi mara tatu, kila mara na kibali chake halali cha kuingia makazini, mpaka mzee akachoka. Ndoa ikapangwa Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1995, kanisani Mpanda mjini, bwana harusi akiwa na miaka thelathini na minane, umri ambao mama alikwisha kata tamaa na kuanza kugawa vyombo alivyomwekea.

Sasa hapa ndipo pa kucheka. Mzee Dieudonne aliomba kibali cha watu thelathini, wageni thelathini kamili, lakini katika mila zao wale wanaobeba mitungi ya pombe kichwani kwenda ukweni si wageni, hawahesabiwi, ni sehemu ya mzigo, basi asubuhi ile walifika getini vichwa thelathini na sita, sita wakiwa na mitungi ya pombe ya ndizi. Nkwabi hakujua la kufanya, akatuma mtu kanisani amwite bwana harusi, na Ponsian akaja na suti yake ya kuazima, akawahesabu wakwe zake mmoja mmoja, akarudia tena kuanzia nyuma, akasema thelathini wapite na sita wabaki. Ehe! Mzee Dieudonne alitua fimbo chini, akasema kama mitungi haipiti na binti hapiti, akina mama wakaanza kulia, sisi ndugu wa bwana harusi tukamvuta kando tukamwambia kaka, hili ni geti lako, nyanyua mti huo tumalize aibu hii, na yeye jasho linamtoka, alimtazama Donatille aliyesimama ng'ambo na shela lake, akatujibu kwamba miaka miwili amewarudisha watu waliokuwa wakienda hospitali na msibani kwa ajili ya kichwa kimoja tu kilichozidi kibali, akinyanyua leo kwa ajili ya harusi yake hatamtazama mtu usoni tena.

Ni Donatille aliyeinama akapita chini ya mti ule na shela lake, kwa kuwa yeye alikuwa ndani ya wale thelathini, akamwambia baba yake kwa Kirundi maneno ambayo hajakubali kututafsiria hadi leo, wakaenda kanisani, wakafungishwa ndoa, na baada ya misa Ponsian hakwenda ukumbini, alipakia sufuria za pilau, viti na spika kwenye trekta la jirani, akaihamishia sherehe nzima getini. Mitungi sita ilipangwa chini ya mti wa geti, mirija ikatoka pande zote mbili, wao wakanywa wakiwa kwao na sisi tukanywa tukiwa kwetu, hakuna aliyevunja sheria, na jioni ile mzee Dieudonne alisimama akasema mtu asiyeweza kudanganya kwa faida yake mwenyewe hatamdanganya binti yangu, akampa mkono juu ya mti. Mungu aliwajalia watoto wawili, Hilaria aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1996, na Telesfori aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1998.

Nije kwenye mwaka 1997, ambao ndio hasa familia imetaka usomwe. Mapema mwaka ule mapigano ya ng'ambo ya ziwa yalikuwa makali, majambazi wenye bunduki waliteka magari njiani, na mjini yakaenea maneno kwamba watu wa Katumba wanatoka na vibali vya sokoni kumbe hawarudi, wanavuka kwenda kupigana, na likatolewa pendekezo kwamba geti lifungwe moja kwa moja, asitoke mtu, na kila mwenye asili ya makazini aliyeko mjini, hata kama ameolewa mjini, arudishwe ndani. Fahamuni maana yake, Donatille alikuwa mjini na mtoto wa miezi saba mgongoni, angetakiwa aache nyumba yake, na mume abaki upande huu akilinda mti unaomtenga na mkewe. Siku zile kaka alikonda, alikuwa hali, usiku na mchana yumo kwenye makaratasi, na nilipomuuliza kama anakusudia kutoroka na mkewe alinikazia macho akaniambia Verdiana, niache nijumlishe.

Kikao cha wakubwa wa wilaya cha kuamua jambo hilo kilikuwa Ijumaa tarehe 18 Aprili 1997, Ponsian akaingia na kaunta buku kumi na nne kwenye toroli lililosukumwa na Nkwabi, akaomba ruhusa ya kusema, na wakubwa walipomuuliza ni wangapi wametoka na hawakurudi alijibu bila kutazama karatasi, kwamba tangu geti liwekwe wametoka mara 41,216, na kwamba wasiorudi ni tisa, wote tisa wamefia hospitali, majina yao haya na makaburi yao anaweza kuyaonyesha. Akamalizia kwamba hata hivyo hesabu yake haikai sawa, kwa sababu waliorudi ni 41,519. Ukumbi ukaanza kunong'ona, mmoja wa wakubwa akapiga meza, akasema unaona sasa, wanaongezeka, hawa wengine mnaowaingiza wametoka wapi, na Ponsian akafungua daftari la kwanza akaanza kusoma taratibu, mama fulani katoka mmoja, amerudi na mtoto wa kiume, mama fulani katoka mmoja, amerudi na mapacha, akasoma watoto mia tatu na kumi na wawili, waliozaliwa hospitali ya mjini kwetu na kurudishwa nyumbani na mama zao, na alipofika wa mia ukumbi mzima ulikuwa unacheka, na alipomaliza hakuna aliyecheka tena, maana akina mama wauza soko waliokuwa dirishani walikuwa wanalia kwa sauti. Yule mkubwa aliyepiga meza alisimama mwenyewe kwenda kumshika mkono.

Geti halikufungwa, ndugu zangu, siku za soko zikaongezwa kutoka mbili hadi tatu kwa wiki, mama mjamzito akaruhusiwa kupita kwa kadi yake ya kliniki bila kibali kingine, na Donatille akabaki nyumbani kwake. Kaka yangu huyu wa darasa la saba, jamani, aliwashinda waoga wote wa mji ule kwa kalamu ya shilingi hamsini!

Januari 1999 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akatibiwa Mpanda, Juni akapelekwa Tabora kwa treni, akarudi akiwa na nafuu kidogo, lakini moyo ulikuwa umechoka, na Jumanne tarehe 17 Agosti 1999, saa nne asubuhi, alitutoka mikononi mwa mkewe. Kabla ya hapo alituita ndugu zake, akasema asizikwe Usevya wala Mpanda, azikwe hapa Katumba kwenye boma la mkwe wake, na mama alipokasirika na kumuuliza amekosa nini kwao, alijibu kwamba upepo wa mpaka hauaminiki, huenda siku moja wakubwa wengine wakamrudisha Donatille ndani na watoto, na hataki mke wake aje kuombewa kibali ili aone kaburi la mumewe. Kesho yake mama akatoa kanga yake ya kumfunikia.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Mpanda na Tabora, wafanyakazi wa treni waliompa nafasi ya kulala, majirani waliolala na sisi siku mbili, ofisi ya makazi iliyoturuhusu kuzika hapa, na wenzake wa getini, na hapa naomba niongeze jambo moja ambalo halimo kwenye karatasi, kwa kuwa limetokea asubuhi ya leo. Sisi ndugu tuliomba kibali cha watu sitini, tukafika getini, Nkwabi akatuhesabu, akarudia kuanzia nyuma, akasema tupo sitini na mmoja, tukabishana naye mpaka tukaelewa kwamba tulimsahau marehemu. Nkwabi hakunyanyua mti, alisimama na kalamu machozi yanamdondokea juu ya daftari, hajui amwandike wapi, hadi mzee Dieudonne alipokuja kwa fimbo yake kutoka upande wa huku, akamwambia kijana, huyu si mgeni wa mtu, mwandike upande wa kulia. Na Nkwabi akaandika, kwa herufi kubwa, akapiga mstari kwa rula, Ponsian Erasmus, amerudi.

Hesabu imezidi moja, kaka, na imeandikwa. Weka kalamu chini, ulale kwa amani.