Marehemu Baba Yetu, Aliyetuomba Tusogee Mbele

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa tatu wa mwashi na mkewe. Mwaka huo babu alikuwa akijenga ukuta wa kanisa hili la Kianglikana, chini ya usimamizi wa wakoloni. Lilipowekwa wakfu, benchi za mbele zilikuwa za maofisa na wake zao. Babu alionyeshwa nafasi karibu na mlango.

Marehemu alisoma hadi darasa la nane, akajifunza useremala. Tangu 1961 hadi 1998 alifanya kazi katika karakana ya shule ya wasichana, na Jumamosi alitengeneza benchi za hapa. Wakoloni walikwisha kuondoka, lakini watu hawakutoka nyuma. Benchi zao zilivunjika kwa kubanana, za mbele zikabaki ziking'aa vanishi ya zamani. Jambo hilo lilimkera maisha yake yote.

Alipokuwa mzee wa kanisa, aliwashika watu mkono mlangoni na kuwapeleka mbele. Wimbo wa kwanza ukiisha, wamesharudi. Mwaka mmoja alizifungia benchi zote za nyuma stoo. Waumini wakasimama ibada nzima, na bibi, mama yake mzazi, akamjia juu mbele ya padri.

"Mwanangu, utaniua kwa kunisimamisha. Kule kuna wenyewe."

"Wenyewe waliondoka zamani, mama."

"Na wakirudi je?"

Kesho yake alizirudisha, akanuna wiki nzima.

Alifunga ndoa na mama yetu Desemba 1966, humu humu. Siku hiyo mama alikaa mbele. "Ni kwa sababu ya shela tu," husema. "Jumapili iliyofuata nikarudi zangu kwa wenzangu."

Kisukari kilimwandama tangu 2009, hata akakatwa mguu. Tulichoka kumuuguza, naye alichoka kuuguzwa. Kulisema si aibu. Kila Jumapili tulimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi mbele kabisa, akaketi huko peke yake. Aliaga dunia nyumbani tarehe 9 mwezi huu. Siku moja kabla, alimwuliza mama, "Hata siku ya kunizika utakaa mlangoni?"

Ameacha mjane, dada mmoja, watoto wanne, nami nikiwa kifungua mimba wake, na wajukuu kumi na mmoja.

Haya nimeyaandika kabla ya ibada, lakini nawajua ndugu zangu: mmejazana nyuma. Mama ameahidi kukaa benchi ya kwanza, na anaogopa kukaa peke yake. Baba hawezi tena kuja kuwashika mkono. Yeye apumzike kwa amani, amechoka. Ninyi inukeni, mje mkae na mama.