Mwalimu Kiti Mwaringa, Aliyenyoosha Mkono Penye Kosa

Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake, Fondo Mwaringa. Tarasaa, Jumamosi, 24 Mei 2025.

Mchungaji, shemeji yangu Zipporah, wazee wetu, majirani wa Garsen, Minjila na Kipini, poleni kwa safari na matope. Mimi ni Fondo, mdogo wa marehemu. Wengi wenu mlikuwapo mara ya mwisho niliposimama hapa kusoma wasifu, kwa hiyo mnajua kwa nini leo nimejihadhari. Kila tarehe iliyomo humu nimeikagua, nikampa Joy, binti ya marehemu, naye akaikagua, kisha nikaikagua tena. Mwenye tarehe tofauti namwomba anione pembeni baada ya chakula.

Marehemu Mwalimu Kiti Mwaringa alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, hapa Tarasaa, akiwa kifungua mimba wa Mzee Mwaringa Thoya na Mama Kabibi. Tarehe hiyo ni ya kadi ya ubatizo. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari, kama cha watu wengi wa rika lake, na jambo hilo lilimkera maisha yake yote. Karani yeyote akimuuliza, aliitaja ile ya kitambulisho, kisha akaongeza, "Lakini si kweli."

Alianza shule ya msingi hapa nyumbani mwaka 1968, akafanya mtihani wa CPE mwaka 1974, akamaliza kidato cha nne Malindi mwaka 1978. Lakini shule yake ya kwanza ilikuwa redio ya baba. Betri zikichoka alizianika juu ya bati, akakaa chini kuzilinda zisichezewe na watoto, yaani mimi. Zikipata nguvu kidogo tuliinamia redio pamoja, vichwa vikigusana, na kila neno geni lililopita hewani alilishika. Alikuwa na miaka kumi na minne aliponiambia kwamba pweza ana mioyo mitatu. Nilikuwa na tisa, nikamwonea pweza wivu siku nzima.

Baada ya chuo cha ualimu Mombasa, alianza kazi Minjila mwaka 1983, akahamishiwa Kipini mwaka 1990, na kuanzia mwaka 1999 alifundisha Garsen hadi alipostaafu mwaka 2021. Kila alikopita aliacha maswali. Kule Kipini, hata harusini, sahani ya pilau ikiwa imeshashuka, angeuliza ni ndege gani anayeweza kuruka kinyumenyume, mpaka Bi Mwanaarusi, aliyempangisha chumba, akamwambia, "Mwalimu, tuwate tule kwanda."

Mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya zile vurugu kati ya jamii zetu, tusizopenda kuzitaja, alianzisha Mashindano ya Maarifa barazani pa duka moja pale Garsen, kila Jumamosi saa tisa. Vijana walipotaka kuunda timu za Wapokomo, za Waorma na za Wagiriama, alikataa katakata. Aligawa timu kwa mwezi wa kuzaliwa. Hivyo ndivyo mkulima wetu Godhana, Mpokomo wa kando ya mto, alivyojikuta timu ya Agosti pamoja na watu ambao mwaka uliotangulia hakuwapa hata salamu. Siku moja marehemu aliwafundisha kwamba mamba hawezi kutoa ulimi nje ya mdomo. Godhana akasimama. "Mwalimu, hii maneno nani alienda kuangalia? Mimi nalima hapo mto miaka yote, mdomo ya mamba naona. Ulimi siangalii, mimi nakimbia." Watu walicheka mpaka mwenye duka akatoka nje. Godhana yuko hapa leo, na ndiye aliyesimamia uchimbaji wa kaburi.

Tarehe 19 Desemba 1987 marehemu alifunga ndoa na Zipporah, kanisani Minjila, wakabarikiwa watoto watatu: Joy, Christine na Mwaringa, aliyepewa jina la babu yake. Shemeji ananiruhusu kusema kwamba kwa miaka thelathini na saba alijibu "sijui" kila alipoulizwa swali mezani, hata lile alilolijua, ili chakula kisipoe. Swali moja tu alilijibu papo hapo, na ndilo lililotuletea harusi.

Sasa nafika penye ugumu, na Mchungaji amenishauri nisiruke. Marehemu hakuweza kuvumilia kosa. Ubaoni, redioni, mimbarini, hata matangani, penye kosa mkono wake ulipanda wenyewe. Tarehe 11 Agosti 2018 tulimzika mama yetu hapa hapa, na mimi ndiye niliyesoma wasifu. Niliandika kwamba Mama alizaliwa Tarasaa. Kabla sijamaliza sentensi mkono wa kaka ulikuwa juu, katikati ya watu, na ulipokosa kuitwa akasimama akanisahihisha. Akasahihisha na mwaka. Baadhi yenu mlicheka, na siwalaumu, maana alisema kwa sauti ileile ya darasani. Mimi nilikaa chini. Wasifu wa mama yangu ukamaliziwa na mtu mwingine, na tangu siku hiyo sikuongea na kaka. Niliona aibu, na aibu ikikaa sana huota mizizi. Wagombanao ndio wapatanao, wazee walitwambia, wakatuita mara kadhaa. Mara zote nilipata udhuru.

Novemba 2023 maji yalipokata barabara, tulijikuta katika boti moja ya kuvuka kuelekea Garsen, yeye mbele, mimi nyuma, tumepeana visogo. Maji yalikuwa mekundu na yanakwenda kasi. Katikati, mama mmoja aliona gogo akadhani ni mamba, akasimama, na wengine watatu wakasimama naye. Boti ililala upande. Nahodha alipiga kelele, hakuna aliyemsikia. Ndipo marehemu, akiwa ameketi, akauliza kama anayeuliza bei ya sukari, "Nchi gani kubwa kuliko zote duniani isiyo na hata mto mmoja wa kudumu?"

Watu wa mto hawawezi kuliacha swali kama hilo. Mmoja akasema Misri, akazomewa kwa ajili ya Nile. Mwingine akasema Somalia, naye akakumbushwa Juba. Waliosimama wakaketi ili wabishane vizuri, na boti ikanyooka. Tulipogusa nchi kavu akawaambia ni Saudi Arabia. Asenath, yule muuza samaki wetu, akasema, "Kumbe wenzetu wamepumzika." Jibu nililijua tangu mwanzo, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha tukiwa tumeinamia ile redio. Niligeuka nikatazama maji. Nadhani alikuwa akingoja sauti yangu, kwa maana alimtazama kila mtu botini, akaniacha mimi wa mwisho.

Marehemu aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo Februari 2024, akawa anasafishwa damu Malindi mara mbili kwa juma. Shemeji alimpeleka kila safari, masika na kiangazi. Mwezi huu hali ilibadilika, akalazwa tarehe 5. Ijumaa ya tarehe 9 Joy alinipigia simu. "Baba Mdogo, Baba anakuita. Usiniulize kwa nini, hata mimi hakuniambia."

Nilikwenda. Nilipanda gari la kwanza la Malindi. Niliogopa kumkuta amekwisha, na niliogopa vilevile kumkuta mzima. Nilisimama mlangoni mwa wodi mpaka muuguzi akaniuliza kama nimepotea. Kaka alikuwa amekonda, macho tu ndiyo yaliyobaki makubwa. Joy alikuwa kando ya kitanda. Kaka hakunisalimu. Akasema, "Swali. Mama alizaliwa wapi?"

Ndugu zangu, jibu nilikuwa nalo. Nilipewa mbele ya kijiji kizima. Lakini kinyongo cha miaka yote ile kilinitangulia mdomoni, nikasema, "Tarasaa." Nikauona mkono wake wa kulia, ule wenye sindano ya maji, ukianza kuinuka juu ya shuka. Nikangoja. Ukasimama hapo kidogo, kisha ukashuka.

"Sahihi," akasema. Akaniashiria nikae, nikakaa, akalala nikiwa nimemshika kidole.

Mwalimu Kiti Mwaringa alifariki dunia Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, saa kumi na mbili asubuhi, mkewe akiwa kando yake. Alizaliwa Jumanne, akafa Jumanne. Angeliuliza swali juu ya hilo.

Mimi sikupata usingizi, na si kwa msiba peke yake. Neno lile moja lilinitafuna. Je, kaka alinisamehe, au maradhi yalikuwa yamemfikia kichwani, akasahau hata alikozaliwa mama yake? Kama alisahau, basi sikupatana na mtu, nilishika kidole cha mgonjwa tu. Sikuwa na wa kumuuliza, maana aliyekuwa na majibu yote ndiye aliyekuwa amelala mochari.

Alhamisi iliyopita, tukimenya viazi vya matanga, nikamweleza Joy shaka yangu. Akaacha kisu. "Baba Mdogo, kwani hukuambiwa?" Akasema jioni ileile, baada ya mimi kuondoka, redio ya wodini ilitaja Zuhura kuwa nyota. Baba yake akaamka, akanyoosha mkono na sindano yake, akaiambia redio kwamba Zuhura ni sayari, na kwamba siku yake moja ni ndefu kuliko mwaka wake. Muuguzi alikuja mbio akidhani kuna jambo. Joy akapata nafasi akamuuliza, "Baba, mbona leo umemwambia Baba Mdogo sahihi? Bibi si alizaliwa Marafa?" Naye akajibu, "Najua. Fondo nilishamsahihisha mara moja. Yatosha." Kisha akamwambia kwamba wasifu wake niusome mimi, na nisikatizwe.

Nilishindwa kumalizia viazi. Nililia palepale, mzee mzima, mbele ya watoto.

Marehemu ameacha mjane, Zipporah, watoto wake Joy, Christine na Mwaringa, wajukuu wanne, mdogo wake Fondo, timu zote kumi na mbili za Garsen, na wanafunzi wengi kuliko niwezavyo kuwataja bila kukosea. Alitanguliwa na baba yetu, Mzee Mwaringa Thoya, na mama yetu, Kabibi.

Hapa naishusha karatasi. Kama kuna kosa, na lisemwe.

Sioni mkono. Basi nitalisema mwenyewe. Mama yetu Kabibi alizaliwa Marafa, mwaka 1939. Hakuzaliwa Tarasaa. Nilikosea mwaka 2018 hapa hapa, na nikakosea tena tarehe 9 mwezi huu kwa kusudi. Programu ya mazishi ya mama itachapishwa upya.

Kaka, ni sahihi sasa. Shusha mkono, upumzike kwa amani.