Bi Nora Anaondoka kwa Injini Yake Mwenyewe

Jumamosi tarehe 8 Desemba 2012, saa nne asubuhi, meli ya mafuta Norah Bell itafunguliwa kamba katika bandari ya Toronto kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia miaka sitini na nane na miezi saba. Sisi wafanyakazi wenzake tunamwita Bi Nora, na ndivyo atakavyoitwa katika ukurasa huu.

Kijitabu cha sherehe kimeandikwa kwa Kiingereza, na ofisi imekifanyia kazi nzuri. Ukurasa huu mmoja tumepewa sisi wa melini tuuandike kwa Kiswahili, kwa sababu tangu mwaka 2001 Bi Nora ameendeshwa kwa Kiswahili. Sherali, fundi mkuu wa mitambo, mzaliwa wa Mwanza, alimleta Urbanus kuwa baharia wa sitaha. Urbanus akamleta Macharia, ambaye leo ni nahodha wetu. Mwaka 2003 nikaletwa mimi kupika na kusafisha, nami nilikuwa mke wa Urbanus. Nahodha Mzungu aliyemtangulia Macharia aliondoka akijua kusema "vuta", "legeza" na "chai tayari", na alisema hayo yalimtosha.

Sherali naye anastaafu siku hiyohiyo, baada ya miaka thelathini na minne. Nilipomwomba habari zake niziandike alikataa. "Mimi mtu tu, Mama Joyeuse," alisema. "Andika za meli."

Basi haya ni ya meli.

Bi Nora aliundwa katika Maziwa Makuu wakati wa Vita Kuu ya Pili, akakabidhiwa kwa jeshi la wanamaji Mei 1944. Hakupewa jina, alipewa namba. Kazi yake ilikuwa kuchukua mafuta bandarini, upande wa Atlantiki, na kuyapeleka ubavuni mwa manowari zilizosindikiza meli za mizigo kwenda Ulaya. Manowari zilirudi matangi yakiwa karibu matupu. Yeye alizijaza, zikaondoka tena, naye akarudi kuchukua mengine. Tunayo picha moja tu yake ya miaka hiyo. Imepigwa kwa ajili ya manowari, na Bi Nora anaonekana kwa nyuma, nusu, bomba likiwa limenyooshwa kama mtu anayempa mwenzake kikombe.

Daftari lake la utumishi wa vitani bado lipo melini, ndani ya sanduku la bati. Wakati wa chai Sherali alikuwa akilifungua na kutusomea, akitafsiri papo hapo. Kurasa nyingi ni tarehe na idadi ya tani. Lakini kuna ukurasa wa Januari 1945 ambao Urbanus hakuuchoka. Siku hiyo baridi ilikuwa kali mno, mafuta yakaganda kwenye kona ya bomba kama uji uliolala, na manowari inasubiri. Fundi wa zamani hizo akaomba stoo wampe blanketi mbili, akaifunga ile kona, akaimwagia maji ya moto kutoka jikoni. Baada ya dakika arobaini mafuta yakapita. Walijaza kwa saa kumi na moja mfululizo. Bwana stoo aliandika barua tatu akidai blanketi zake. Ya tatu ilijibiwa kwa mstari mmoja: blanketi zimekwenda vitani.

"Fundi, tusomee ile ya blanketi," Urbanus alikuwa akisema, hata kama ilisomwa juzi. Macharia alimwambia ataenda kuifanyia mtihani.

Vita vilipokwisha, Bi Nora aliuzwa. Mwenye kumnunua alimpa jina la shangazi yake, akampakia mafuta ya kupashia nyumba joto, akampeleka miji midogo ya kando ya maziwa. Mwaka 1958 alihamia Toronto, na tangu hapo amelisha feri za visiwani, boti za kuvuta, boti za watalii na meli za nafaka. Sherali alimkuta mwaka 1978. Alikuja kwa kazi ya majuma mawili.

Siku yake kubwa katika miaka yetu ilikuwa tarehe 14 Agosti 2003, umeme ulipokatika mji mzima. Pampu zote za nchi kavu zilisimama. Taa za barabarani zilizimika na watu wakawa wanatembea kuelekea makwao, viatu mkononi. Feri mbili zilikuwa na abiria wa visiwani na mafuta ya safari moja. Bi Nora ana pampu inayoendeshwa na injini yake mwenyewe, kama alivyozoea vitani, hivyo habari za umeme hazikumhusu. Alizijaza feri zote mbili kabla jua halijazama. Mama mmoja mwenye mtoto alitupungia mkono kutoka kwenye feri mpaka alipokuwa mdogo kabisa. Urbanus alimpungia muda wote huo, kwa mkono wenye glovu.

Siku nyingine tunayoikumbuka ni ya mwaka 2007. Boti ya watalii yenye arusi ndani ilikaukiwa na mafuta katikati ya bandari, nasi tukaitwa. Wakati tukiijaza, wageni waliona Macharia anatikisa mabega kufuata muziki wao, wakamwomba acheze. Akacheza, mkono mmoja ukiwa umeshika bomba, kwa sababu bomba haliachwi. Bibi arusi alimrushia ua. Ua hilo lilinuka dizeli kabla halijafika.

Urbanus alifariki Februari 2011, kwa moyo, hospitalini, mimi na binti yetu Joyeuse tukiwa pembeni. Sherali na Macharia walibeba jeneza. Mwaka huo ofisi ilinunua chombo kipya cha kufanya kazi miezi ya baridi, na Bi Nora akabakiziwa ya kiangazi. Hatukuona tatizo lolote. Injini yake iliitika kila asubuhi ya joto kama kawaida.

Mwezi Septemba mwaka huu tulipata habari njema. Chama cha mabaharia wa zamani, katika mji mdogo mashariki mwa ziwa, kimempokea. Atafungwa gatini pake mwenyewe, watoto wa shule watamtembelea, na daftari lake litawekwa mahali pa kuonekana. Hatavunjwa. Lililobaki lilikuwa safari ya kufika huko.

Mkaguzi wa meli alisema wazi. Kama Bi Nora angewaka asubuhi tatu mfululizo kabla ya mwisho wa Novemba, mbele ya macho yake, angeruhusiwa kwenda mwenyewe. Kama sivyo, angefungwa kamba na kuvutwa.

Kwa Sherali jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko kustaafu kwake. Alisema meli inayovutwa ni mzigo, na yeye hajatumikia mzigo miaka thelathini na minne. Bi Nora akivutwa, yeye hatapanda, atabaki nyumbani Etobicoke.

"Mzee, hakuna aibu," Macharia alimwambia. "Hata matajiri pale uwanja wa ndege wanasukumwa kwa kiti cha magurudumu."

"Wewe ngoja ufike umri wangu," Sherali alijibu, "tuone kama utakikalia."

Jumatatu tarehe 26 Novemba kulikuwa na barafu kwenye kamba. Injini ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Sherali aliweka hita mbili za umeme chumba cha mitambo usiku kucha. Jumanne ilikohoa mara moja. Mkaguzi, ambaye ni mtu mpole, aliandika kitu kwenye karatasi yake na kusema ataonana nasi kesho, lakini kesho ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, na mwezi umekwisha.

Tulikaa jikoni. Nikamimina chai. Macharia aliitazama chupa, akasema, "Mama Joyeuse, zamani si mlikuwa mnaleta chupa mbili?"

Ni kweli. Kila asubuhi ya baridi, kwa miaka yote ya Urbanus, nilijaza chupa mbili nyumbani Kingsview Village kabla hajaondoka nazo kuwahi basi la kwanza. Moja ilikuwa ya chai. Ya pili, yenye uzi mwekundu shingoni, ilikuwa ya maji ya moto matupu, aliyoyataka yeye. Nikasema ile ilikuwa ya Fundi, anayekunywa maji ya moto kwa ajili ya tumbo.

Sherali aliweka kikombe chini. "Tumbo gani? Tumbo langu halina neno. Ile si ilikuwa ya kwako, ya kuoshea vyombo?"

Macharia yeye aliamini ni dawa ya Urbanus, ndiyo maana hakuuliza. Watu watatu, miaka kumi, chupa inapita mbele yetu kila siku, na kila mmoja aliona si adabu kuuliza ya mwenzake.

Hapo nikakumbuka skafu. Urbanus alikuwa na skafu ya sufu, ya buluu, niliyomnunulia msimu wetu wa kwanza wa baridi hapa. Ilirudi ikinuka dizeli na mara nyingi imelowa. Niliifua kila Jumamosi nikinung'unika, na kila mara alinijibu kwamba alimwazima Bi Nora. Nilidhani ni utani, kwa hiyo sikumsimulia mtu.

Sherali alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaleta sanduku la bati, akafungua ukurasa wa Januari 1945. Hakuusoma kwa sauti. Alichukua tochi akashuka, nasi tukamfuata. Bomba la dizeli linapoingia chumba cha mitambo lina kona nyuma ya ukuta wa chuma, mahali ambapo joto la hita halifiki na mkono mnene haupiti. Mikono ya Urbanus ilikuwa myembamba. Pale kwenye kona, rangi yote ya bomba imefutika kwa kusuguliwa, na kwenye skrubu ya karibu kuna nyuzi mbili za buluu.

Baharia wa sitaha hakuruhusiwa kugusa injini. Kwa hiyo alifika nusu saa kabla ya fundi, akaifunga kona, akaimwagia maji, na Sherali alipoingia saa moja skafu ilikuwa imeshaondolewa. Sherali alikuta injini iko tayari kuitika, akaiwasha, akasema maneno ambayo kila aliyefanya kazi hapa anayajua: "Injini yangu haijawahi kunikataa." Urbanus alikuwa akiyasikia akiwa juu, anafungua kamba. Nyumbani alipenda kuyaiga, mpaka ile sauti ya Fundi ya puani.

Skafu nilikuwa nimeihifadhi kwenye mtoto wa meza tangu Februari ile, bila kuifua. Jumatano nilikuja nayo, pamoja na chupa mbili. Mkono wa Sherali haukupita, wa Macharia ukakwama kwenye kiwiko, basi niliifunga mimi, mizunguko mitatu. Macharia alimimina kutoka juu. Tulisubiri muda wa kumaliza kikombe kimoja. Mkaguzi naye tulimpa chai.

Bi Nora alikohoa mara moja, akatoa moshi mweusi, akatulia kwenye mwendo wake. Vijiko vilianza kucheza kwenye sahani, kama vilivyokuwa vikicheza asubuhi zote zile.

Tulimtazama Sherali tukingoja maneno yake. Hakuyasema. Alifuta mikono kwa muda mrefu, akaniambia, "Mama Joyeuse, wewe unaandika ule ukurasa. Andika kwamba kuanzia mwaka 2001 mpaka 2011 injini hii iliwashwa na Urbanus. Mimi nilikuwa nabonyeza tu."

Nimeandika kama alivyosema.

Alhamisi iliwaka. Ijumaa iliwaka, na kulikuwa na theluji. Mkaguzi alitia sahihi, akaomba chai tena.

Sasa, Bi Nora, wenzako tunakushukuru. Ulilisha manowari, ukapeleka joto majumbani, ukawafikisha watu wa visiwani kwao mji ulipokuwa hauna taa. Ulitulea na sisi tuliotoka mbali, ukatuvumilia mpaka tukakujua, na wengine tumejua juzi tu. Tunakuombea gati tulivu, rangi mpya kila kiangazi, na watoto wenye maswali mengi. Wakiuliza kuhusu Januari 1945, wasomewe ule ukurasa wa blanketi hata kama ulisomwa juzi.

Sherali atakuwa chini kwenye mitambo Jumamosi. Macharia atashika usukani. Boti ya kuvuta ilikuwa imeshakodiwa, basi imeambiwa ifuate kwa nyuma.

Skafu inabaki pale kwenye kona. Wanaokupokea nimewaandikia wasiiondoe, na kwamba asubuhi za baridi maji yawe ya moto sana, chupa nzima, tena yasitiwe majani.

Adelina, wa jikoni