Risala ya Wakazi wa Chini ya Mwamba Kuhusu Mawe Yaliyosafishwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Wapanda Miamba, mkufunzi wetu, wazazi na majirani mliofika: tunawasalimu kwa heshima na taadhima.

UKARIBISHO
Karibu sana, Mheshimiwa. Tumefurahi kuona umekuja na viatu vya kupandia, maana wageni wengi huja na viatu vya kukalia jukwaani. Ukisikia tunazungumza kwa sauti ya chini karibu na Mwamba, usidhani tumenuna. Pale chini wamelala watoto wetu waliofariki kabla ya kupewa majina, na hatupendi kuwapigia kelele.

HISTORIA FUPI
Mwamba tuliukuta. Babu zetu hawakuupanda. Si kwa woga, ila hawakuwa na shida na chochote kule juu. Watoto hao walilazwa upande wa mashariki, na juu ya kila mmoja baba yake aliweka jiwe moja la mviringo aliloliokota mtoni. Hakuna jina wala maandishi. Mgeni akiona ni mawe tu, hatumlaumu.

MAFANIKIO
Tangu chama chako kitufikie, tumepiga hatua. Tumepata bango kubwa: TUNZA MAZINGIRA, PAACHE PASAFI. Vijana wako wanalitii bango hilo kuliko sisi tunavyoitii ratiba ya maji. Hawaachi hata karatasi ya pipi. Siku ya kwanza tu walisafisha upande wote wa mashariki, wakayakusanya yale mawe ya mviringo na kuyapanga vizuri kuzunguka moto wao wa chai. Tulipofika palikuwa peupe pe. Mkufunzi akatuambia kwa bashasha, "Mnaona palivyopendeza? Sasa mtu akianguka haumii sana." Tukamshukuru.

Aidha, baadhi yetu tumepata ajira ya kushika kamba, ili mpandaji akiteleza asianguke. Wa kwanza kufuzu ni Fundi Viatu, ambaye mikono yake imekomaa kwa kuvuta uzi kwenye ngozi. Mkufunzi mwenyewe anakiri kwamba mzee huyu haachii kamba hata nzi akimtulia puani.

CHANGAMOTO
Changamoto ni ndogo, na tunaona haya kukuchosha nayo. Fundi Viatu ana watoto wake pacha pale. Zamani alijua walipo, akawa anapita kando. Mawe yalipoondolewa, hajui tena aweke mguu wapi. Mshika kamba naye hutakiwa asimame karibu kabisa na Mwamba. Juzi alijaribu kusogea, akafokewa, "Mzee, simama hapo hapo! Unataka kuua mtu?" Akasimama.

Amekwisha kuonywa pia kwa kufanya kazi pekupeku, fundi viatu mzima. Sababu hajaisema, na mkufunzi hajauliza.

Jioni mkewe humuuliza, "Leo umesimama wapi, baba watoto?"

"Kando, mama. Kando kabisa."

Kisha mkewe humletea maji, naye huosha miguu bila kumtazama. Inauma, Mheshimiwa. Tumetafuta neno la adabu zaidi, hatukulipata.

MAOMBI
Tunaomba mawe yetu. Yameshika masizi, lakini tutayaosha wenyewe. Lipi lilikuwa la nani hatutajua, tutakadiria.

Tunaomba upande wa mashariki uachwe. Upande wa magharibi una nyufa nzuri za kushika na haujalaza mtu. Kasoro yake ni moja tu, tumeambiwa: picha hazitoki vizuri.

Na siku nyingine kabla ya kusafisha, tunaomba tuulizwe uchafu huo ni wa nani.

HITIMISHO
Ratiba inasema baada ya risala hii utazindua njia ya mashariki kwa kuipanda mwenyewe, na atakayekushikia kamba ni Fundi Viatu. Ondoa wasiwasi. Hana kinyongo, na hatakuachia. Ila ukifika juu na wapiga picha wakikuita, kabla ya kutabasamu tazama chini mara moja, uione miguu yake.

Mungu akupandishe salama, akushushe salama, na akuongoze katika kuchagua upande.

Ni sisi,
Wakazi wa Chini ya Mwamba

Imesomwa kwa niaba yetu na mke wa Fundi Viatu.