Damu Iliyogoma Kukua

Shikamooni wakubwa, na wadogo nimewaona. Leo, kwenye shukrani hii ya mdogo wangu, nisingepewa nafasi, ningeiomba.

Mnajua wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikashika jembe hapa Bigwa nikalea wadogo zangu. Mwaka jana yule wa mwisho akaanza kuvuja damu kwenye fizi. Mwili ukatoka mabaka kama amepigwa. Sisi wakulima wa mboga tunajijua: nikasema damu imepungua. Nikamnywesha juisi ya rosela, nikamlisha mchicha na majani ya maboga, mpaka akaniambia, "Dada, utanifanya mbuzi." Fizi zikazidi kuvuja.

Hospitali wakampima, wakatutuma Dar es Salaam. Jibu likaja: saratani ya damu. Mjomba akatufuata, na Waluguru wenzangu mnajua mjomba akisema amesema.

"Mama yenu naye aliondoka akivuja damu. Hii ni damu ya ukoo. Mrudishe mlimani, afie kwao."

Nikamwambia, "Mjomba, nakuheshimu. Lakini haondoki hapa kabla daktari hajanieleza nikaelewa."

Daktari, mama mmoja mpole, akavuta kiti. "Damu hutengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Chembe huzaliwa changa, kisha jeni, yaani maagizo yaliyo ndani ya kila chembe, huziambia zikue na kila moja ishike kazi yake. Kwa huyu, jeni mbili zimekatika zikaungana vibaya. Chembe zinazidi kuzaana, ila zimegoma kukua."

"Kama kitalu kilichosongamana, miche haifiki bustanini."

"Hasa."

"Basi mtaing'oa?"

"Aina hii tuna dawa ya kuikuza. Ni jamii ya vitamini A. Inazifanya zikomae, halafu zinakufa zenyewe kwa wakati wake. Tutaichanganya na dawa nyingine."

Ndugu zangu, nawaambia, nilisimama bila kujua nimesimama. Kulea wachanga mpaka wakomae, si ndiyo kazi yangu miaka yote? Kumbe ipo na dawa ya kuifanya kazi hiyo.

Mjomba akauliza taratibu, "Kwa hiyo dada yangu hakumwachia huu ugonjwa?"

"Hapana. Hitilafu imetokea ndani ya uboho wake mwenyewe."

Mjomba akavua kofia. "Basi mpeni hiyo dawa. Mimi nabaki."

Akabaki kweli, hata mgonjwa alipopandwa na homa na kuvimba, tukadhani dawa imetushinda. Kisha fizi zikakauka. Wakapima uboho, wakapima tena: zile chembe changa hazionekani.

Asanteni mliomchangia damu, na mliomwagilia bustani yangu nikiwa mbali. Mtu akivuja damu bila jeraha, mpeni mboga, lakini ale akiwa njiani kwenda hospitali. Na marehemu msiwasingizie.

Nilikuwa na mengine, ila mgonjwa mwenyewe amekwisha simama pale nyuma, ananiashiria nikae, eti sasa ni zamu yake.