Mikalitusi mu Shamba ya Papa

ÉLYSÉE: Haloo? Ni nani anapiga na hii namba?

KAVIRA: Ni miye, Kavira. Nimeazima simu ya mutu.

ÉLYSÉE: Ah, dada yangu! Jambo sana. Habari ya Beni?

KAVIRA: Siko Beni. Niko Kirumba, mu shamba ya papa.

ÉLYSÉE: Kiru— Umefika lini?

KAVIRA: Yaya, kaka yangu, nani alipanda mikalitusi humu?

ÉLYSÉE: Réseau iko mubaya, sisikii—

KAVIRA: Unasikia! Mikalitusi! Kutoka barabara mpaka ku muto!

ÉLYSÉE: Bon. Ni miye. Mbao iko na soko huku Butembo. Shamba ilikuwa inalala bure.

KAVIRA: Bure? Hii udongo ilikuwa kali, acide kabisa! Maharagi inatoka manjano, inakufa. Nani aliitibu? Nilibeba majivu ku mugongo, na mimba mbele. Agronome, ule mutaalamu wa kilimo, akasema tia chokaa, nikatia chokaa, musimu kwa musimu—

ÉLYSÉE: Najua, lakini—

KAVIRA: —mpaka akapima tena, akasema: mama, udongo imepoa, panda sasa. Kiisha weye unaleta kalitusi! Inyonye maji yote, majani yake irudishe ile ukali! Ikikomaa, kivuli inafunika, udongo inabakia baridi, hata mbegu hapana kuota!

ÉLYSÉE: Teremusha sauti. Weye uliolewa, Kavira. Uko na bwana, uko na nyumba kule Beni—

KAVIRA: Papa alinipa hii shamba mbele ya macho yako!

ÉLYSÉE: Alikupa kulima. Hakusema—

KAVIRA: Njo maana ulipanda miti! Mwenye kuazima analima maharagi. Mwenye kupanda muti anasema hii ni yangu. Unafikiri sijue?

[simu inakwaruza]

ÉLYSÉE: Na weye, unafanya nini Kirumba bila kusema?

KAVIRA: Nilikuja na batoto. Na godoro moja.

ÉLYSÉE: Godoro? Masomo yao je? Na bwana yako Jean-de-Dieu, amekubali?

KAVIRA: Tunaongea juu ya miti.

ÉLYSÉE: Kavira. Jean-de-Dieu iko wapi?

KAVIRA: Nilisema tunaongea juu ya miti! Nimeshaanza kuing'oa. Inafika ku magoti tu, inatoka na mizizi.

ÉLYSÉE: Unang'oa miti yan—

KAVIRA: Ita chef wa kijiji, ita polisi, ita yeyote! Batoto batakula mbao?

ÉLYSÉE: Ngoja. Ngoja kwanza... [anakohoa] Non. Batoto, godoro moja... nimeelewa. Ng'oa. Ng'oa yote. Kesho mapema napanda pikipiki, nakuja.

KAVIRA: Sikuombi huruma!

ÉLYSÉE: Si huruma. Mama yetu ametoka mu chumba, anauliza ni nani analia mu simu.

KAVIRA: Silie! Usimupe simu, yaya, usimu— [kukwaruza] —mwenye simu anaidai, unité ya simu inaisha—

ÉLYSÉE: Nimwambie nini? Amesimama hapa. Kavira, nimwambie nini?

KAVIRA: Mwambie niko nalima.