Jani la Njano la Vailet

Kijiwe cha Bagara ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, nje ya duka ambalo mwenyewe alilifunga akahamia Singe. Jioni Tadeo huweka hapo birika lake la kahawa, na watu wazima huacha shughuli zao wakaja kuitengeneza dunia. Siku hiyo baridi ya Julai ilikuwa kali na kila mtu amejikunyata ndani ya koti. Paskasi, mchomeleaji mageti, ambaye wenzake humwita Kimya kwa jinsi maneno yanavyomtoka kwa shida, alichomoa jani la njano mfukoni mwa shati akaliweka juu ya ubao. Hakuna aliyecheka. Wote walijua kwamba yeye na mkewe Vailet walizika kichanga chao mwezi wa tano, na kwamba wanawake wa kwaya walimletea mama wa watu ua la ndani kwenye chungu, lile la majani mapana na ua jeupe. Tangu hapo Vailet amekuwa mtu wa kukaa na ua lake tu.

— Yanadondoka kila siku, alisema Paskasi. Likifa hili, jamani, naogopa mke wangu naye ataishia hapo.

— Kiu hiyo, alisema Diwani, aliyebatizwa jina hilo kwa kugombea udiwani kila uchaguzi bila kuupata. Limwagilie.

— Nalimwagilia. Kila alfajiri, kabla hajaamka. Sitaki alikute limenyauka.

— Basi ongeza maji.

— Maji ya nini bana! alidakia Gia, dereva wa lori mstaafu. Ua la joto hilo, baridi inaliua. Lisogeze jikoni.

— Nilishalisogeza. Likasinyaa, nikalirudisha dirishani.

— Dirishani? Ndo maana! Jua linalibabua. Lipeleke chumbani, funga pazia.

— Ua gani linaishi gizani, wewe Gia? alipinga Diwani. Hiyo ni mionzi ya televisheni.

— Televisheni hatujaiwasha tangu msiba, alisema Paskasi.

Tadeo akaongeza kahawa kwenye vikombe ambavyo havikuwa vimeisha.

— Chukua machicha yangu haya ya kahawa, alisema. Mchicha wangu nyumbani unakula haya haya, njoo uuone.

— Machicha hayasaidii, alisema Diwani, sasa amejiweka sawa kama yuko jukwaani. Mama analia mbele ya ua, sawa? Machozi yana chumvi. Chumvi inashuka kwenye udongo. Mwambie akalilie nje.

Paskasi alimtazama asiamini kama mtu mwenye watoto nyumbani anaweza kutamka hivyo. Alitamani kuondoka, ila nyumbani kulikuwa kimya zaidi ya hapa.

Gia akashusha sauti.

— Mimi nitasema ukweli. Zamani, nyumba iliyopoteza kichanga haikuingizwa vitu ovyo. Nyie mmeingiza kitu chenye uhai. Litoe hilo ua mapema, kabla halijamfuata mtoto.

Kikombe cha Paskasi kilianguka. Alikuwa amesimama, ameshika kola ya koti la Gia.

— Rudia. Rudia ulichosema!

— Kimya, ndugu yangu, mwache, alisihi Tadeo.

Hakumwachia. Kilichomtia hasira zaidi ni kwamba hata yeye, usiku, alishawahi kuwaza hivyo hivyo.

Pembeni alikuwepo mama mmoja na kikapu chake, akisubiri gari la Dareda. Alikuwa amesikia yote, kwa sababu hapakuwa na namna ya kutosikia.

— Samahani, baba, alimwambia Paskasi. Huyo mama mwenye ua, yeye analimwagilia saa ngapi?

Mkono wa Paskasi ukalegea kwenye kola. Alikumbuka kisahani cha chini ya chungu, jinsi alivyokuwa akikikuta kimefurika kila alfajiri, na yeye akadhani ni maji yake ya jana. Kumbe kila usiku, yeye akiwa amelala, Vailet naye alikuwa anamimina, na mizizi inaoza kwa maji ya watu wawili.

— Usiku, labda. Sijui, alisema.

Mama akamgeukia Diwani, kisha Gia. Halafu akamrudia Paskasi.

— Wewe na mkeo hamjaulizana? Ua lenu wenyewe?

— Hatujaongea, mama, alisema Paskasi. Siyo ua tu. Tangu tumzike, hatujaongea.